Kushoto Kwenye Tangi la Maji

Sogeeni, wanangu, sogeeni. Wewe uliyesimama mlangoni ingia ukae, na wewe mwenye simu ilaze kifudifudi. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi amalize. Nataka kimya, wala si kile kimya cha adabu. Nataka kimya cha masikio, kwa maana habari hii yote ilitokea kwa sababu watu wanne hawakujua kunyamaza.

Palikuwa na benchi, basi, pale njia panda. Benchi la mbao nene, limeupa mgongo ukuta mrefu wa matofali usiopigwa lipu, ukuta mpya uliojengwa mwaka mzima kwa kelele na vumbi, na mlango wake ukatazama mtaa mwingine kabisa. Upande huu wa benchi alikaa fundi baiskeli, chini ya turubai la buluu, na beseni lake la maji la kutafutia pancha. Upande ule alikuwa kinyozi, na kioo chenye ufa na mashine ya kunyolea inayonguruma kutwa. Katikati fundi cherehani, ambaye miguu yake ilikanyaga cherehani na mdomo wake ukakanyaga kila kitu kingine. Na mbele yao Mama Birika, muuza kahawa, na jiko lake la mkaa na vikombe vyake vidogo visivyo na mikono.

Fundi baiskeli walimwita Dira, kwa sababu alikuwa wa kwanza kuonekana na kila mgeni aliyepotea. Fundi cherehani walimwita Redio, na hamhitaji kuambiwa kwa nini. Kinyozi walimwita Hakimu. Hakuna ugomvi uliopita mbele ya kiti chake bila yeye kuutolea hukumu, wembe uko mkononi na shingo ya mtu iko chini ya wembe, kwa hiyo rufaa zilikuwa chache.

Na benchi lile lilikuwa na sheria moja: mgeni akiuliza njia, haondoki bila jibu. Si kwamba walikuwa waongo, la. Waliona hivi: mtu katoka mbali, jasho linamtiririka, kawaacha watu wote barabarani kakuchagua wewe, halafu umwambie "sijui"? Bora umpige kofi. Basi walielekeza. Walipopajua walielekeza, wasipopajua walielekeza zaidi, na mmoja akianza wenzake walimwongezea, huyu daraja, yule kona, mpaka mgeni anaondoka na njia ndefu kuliko safari yenyewe, na anawashukuru.

Sasa siku ninayowasimulia, Dira alikuwa na wiki ya tatu hali chakula vizuri. Alifunga mnyororo wa mtu kinyumenyume. Alijaza upepo gurudumu ambalo hajalitia kiraka, akalitazama likisinyaa, akalijaza tena. Mkewe alimbana mpaka akamwambia. Mwingine hakumwambia.

Wiki tatu nyuma, asubuhi, alikuja mwanamke kijana mbiombio, mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kimelalia upande kama hakina shingo.

— Mzee wangu, shikamoo. Zahanati mpya iko wapi? Mtoto anaungua.

Dira alikuwa na pampu kati ya magoti. Hakujua hata kama kuna zahanati mpya. Lakini kidole chake hakikumsubiri, kiliinuka chenyewe.

— Moja kwa moja, mama. Ukifika kwenye tangi la maji, kunja kushoto. Jengo la kijani, paa jekundu. Hupotei.

Kijani! Rangi nayo aliitoa wapi? Mwanamke akasema, "Asante, baba," akakimbia. Alisema baba. Nyuma ya benchi ukuta ukagongwa, go, go, go, kama kawaida ya mashine za kile kiwanda ambacho benchi zima lilisema kiko nyuma yake, na Redio akapandisha sauti ili asikike.

Mchana ule Dira alipanda baiskeli akaenda mpaka kwenye tangi la maji, akakunja kushoto. Palikuwa na kiwanja cha magugu na mbuzi mmoja kafungwa kwenye kigingi. Akamwangalia mbuzi, mbuzi akamwangalia. Tangu hapo mtoto yeyote akilia barabarani, Dira aliacha kazi akageuka kumtazama.

Basi sasa ingieni kwenye mazungumzo. Redio alikuwa na kitindamimba wake, binti aliyesomea uchoraji huku baba yake akiwaambia watu kwamba anasomea ramani za majumba. Binti huyu alikaa nusu mwaka kwenye kibanda cha baba yake, na daftari na kidude cha kunasia sauti, akisema anatafuta mawazo. Halafu akaenda kwenye ghala la zamani la magunia, nyuma ya posta, yeye na wenzake, wakajenga mji mzima sakafuni. Mji usiokuwepo popote, wa maboksi na mabati, na mitaa yake ni nyuzi. Mtaa mzima ulialikwa kwenye maonyesho. Redio na Hakimu walikwenda siku ya ufunguzi, wamevaa viatu vya kufungwa. Mama Birika alikwenda asubuhi ya siku hii ninayowasimulia, kabla hajawasha jiko. Dira hakwenda.

— Mimi natoa hukumu, — alisema Hakimu, akimpuliza nywele mteja shingoni. — Ule ni mji wa wezi.

— Wezi vipi? — Redio alikuja juu. — Mwanangu ajenge mji wa wezi?

— Sikiliza kwanza. Umeona ile barabara ya uzi mwekundu? Inakunja kushoto, inakunja kushoto, inakunja kushoto tena, inarudi ilipotoka. Nani anataka barabara kama ile? Mtu anayefukuzwa. Polisi anakimbia, anakimbia, anajikuta amerudi kituoni kwake.

— Na daraja je? Kuna daraja kubwa, lina taa, na chini yake hakuna mto!

— Ndiyo nakwambia. Mto umeibwa.

Mteja akacheka, Hakimu akamshika kichwa: "Tulia, nitakukata sikio."

— Hamjui kitu, — Redio alisema, akasimamisha cherehani, na Redio kusimamisha cherehani lilikuwa jambo zito. — Mimi nimelala nikalifikiria. Ule ni mji uliokuwepo zamani, hapa hapa tulipo. Umefunikwa. Chini ya miguu yetu, sasa hivi, kuna stendi ya magari juu ya paa la kiwanda cha barafu.

— Stendi juu ya paa?

— Watu wa zamani walikuwa na akili. Gari likichemka wanalipoza.

— Nani amekwambia? Binti yako?

Redio akavuta uzi, akautia mate, akautafutia tundu la sindano kwa muda mrefu.

— Binti yangu sijamuuliza. Mtu hawezi kumuuliza mwanawe kitu ambacho amekwisha wajulisha watu kuwa anakijua.

Mama Birika alikuwa anasuuza vikombe, mabega yanatikisika. Kicheko kilikuwa kinamchemka humo ndani tangu asubuhi na kifuniko kilikuwa karibu kuruka.

— Unacheka nini, mama? — Hakimu akamuuliza.

— Sicheki. Endeleeni. Mimi nataka kusikia mwisho wa huo mji.

Ukuta ukagongwa. Go, go, go.

— Kiwanda cha sabuni hicho, leo kinafanya kazi, — Redio alisema. — Na harufu yake tangu asubuhi.

— Mara ngapi nitasema? — Hakimu akadakia. — Si sabuni, ni rangi. Sabuni hainuki hivyo.

— Wewe pua yako imezibwa na poda!

— Na wewe... — Hakimu alianza, akajikatiza.

— Ngojeni, — Hakimu alisema, na macho yakamtoka kwa wazo jipya. — Nimepata. Ule ni mji wa wafu.

— Astaghafiru!

— Mtu akifa, haendi moja kwa moja. Kwanza anapotezwa. Anazungushwa kushoto kushoto mpaka asahau nyumbani kwake, maana akikumbuka atarudi kusumbua watu. Ndiyo maana kila kona pale kuna mkebe unaning'inia kwenye kamba. Ni wa kukusanya...

— Wa kukusanya nini? — Mama Birika akauliza.

— Machozi.

Hapo kifuniko kikaruka. Mama Birika alicheka mpaka akaweka birika chini, akashika magoti, akafuta macho kwa ncha ya kanga.

— Wazee wazima! Mlikwenda mkavaa na viatu, na hakuna hata mmoja aliyeweka sikio kwenye mkebe?

— Palikuwa na foleni, — Redio alisema.

— Mimi nimeweka. Hakukuwa na mtu asubuhi, nimeweka sikio mkebe baada ya mkebe. Mnajua kuna nini ndani? Kuna sauti ya mtu. Nawaigia. — Akajikohoza, akatoa sauti nzito ya kutoa hukumu: — "Kiwanda cha barafu? Karibu sana. Unakwenda mpaka unaona magari yako juu, wewe uko chini. Hiyo ni stendi, iko juu ya paa. Ukifika hapo umefika."

Mashine ya Hakimu ilinguruma peke yake hewani.

— Mkebe wa pili: "Daraja la taa? Ehee! Si lile lisilo na mto?" Hiyo sauti nayo ina cherehani nyuma yake, taka-taka-taka. Sijui ni ya nani.

Redio akainama kama anatafuta kitufe kilichoanguka.

— Na mimi nimo, — Mama Birika alisema. — Nimeelekeza mtu Soko la Vioo. Nimemwambia asiangalie kulia atajiona. Hakuna Soko la Vioo! Nimekuja hapa nacheka njia nzima, watu wakadhani nimepata mume.

Basi ndipo walipoelewa. Kwa nusu mwaka yule binti alikuwa anawatuma wenzake pale benchini, mmoja leo, mwingine kesho, kila mmoja na jina la mahali pasipokuwepo. Na benchi halikumwangusha hata mmoja. Yeye akawa anayanasa maelekezo, anayachora kama yalivyosemwa, hatua kwa hatua, kona kwa kona. Mji ule ulikuwa wao wenyewe. Waliujenga kwa vidole, na kikombe mkononi.

— Ametuibia sauti! — Hakimu alifoka. — Nimefanywa kichekesho mbele ya watu wenye tai!

— Wewe si umesema ni mji wa wezi? — Redio akamjibu. — Basi pokea uraia. Na usimseme mwanangu. Nani mwingine amewahi kuandika kitu ulichosema?

Hilo lilimfikirisha Hakimu. Akazima mashine.

— Stendi ile, — alisema baadaye, polepole, — imejengwa vizuri lakini.

Na Dira je? Alikuwa ameshika mpira wa ndani ndani ya beseni na mikono imesahau kutoka majini. Alikuwa na woga, na kitu kingine ambacho wiki tatu hakuwa amekiona: tumaini. Kama wale wageni walikuwa wa kutumwa...

— Mama Birika, — alisema. — Kuna zahanati kule?

— Kwenye mji? Ipo. Kushoto kwenye tangi la maji. Kijani, paa jekundu. Ndilo jengo pekee lenye taa ndani, inawaka. Sauti yako kabisa, kaka.

Dira alitoa mikono majini. Basi yule mwanamke alikuwa wa kutumwa! Mtoto alikuwa mwanasesere, au mtoto mzima wa kuazimwa aliyelala tu usingizi. Homa hakuna. Alijisikia mwepesi kama gurudumu lililojaa upepo. Alicheka, akaomba kahawa, na Mama Birika akashangaa maana wiki tatu alikuwa anaikataa.

Kikombe hakijafika mdomoni, binti mwenyewe akatokea, amekuja kwa baba yake kutafuta uzi mwekundu. Watazamaji walikuwa wamekanyaga mtaa mmoja ukakatika. Alipoona nyuso zao alijua wamejua. Akapiga magoti kidogo kwa adabu, nusu anacheka, nusu anaogopa.

— Shikamooni wazee wangu. Mniwie radhi.

— Marahaba. Tutakuhukumu baadaye, — alisema Hakimu. — Ile stendi ilihitaji ngazi.

Dira alimwita kando, karibu na turubai.

— Binti yangu. Yule mama wa mtoto mwenye homa. Uliyemtuma kuuliza zahanati. Mwambie aliigiza vizuri sana, alinitisha.

Binti alikuwa amekwisha pewa alichofuata. Akatazama uzi mikononi mwake.

— Yule sikumtuma mimi, baba.

— Vipi?

— Mimi nilikuwa nimekaa tu hapo kwa baba, kidude kinanasa. Alikuja mwenyewe. Nilidhani unapajua, na mimi nikasema afadhali, kumbe kuna zahanati. Siku ya pili nikaenda kupiga picha. — Sauti ikamshuka. — Nikakuta mbuzi. Sikujua nifanye nini. Nikaijenga. Nikaweka na taa. Nilisema angalau kule awe amefika.

Dira alikaa benchini. Kikombe alikirudisha kikiwa kimejaa. Hakukuwa na mwanasesere, wala mtoto wa kuazimwa. Kulikuwa na mtoto wa kweli, na kichwa kimelalia upande, na kushoto kwenye tangi la maji kuna magugu. Wenzake walimtazama, na safari hii hakuna aliyekuwa na nadharia. Aliwasimulia yote, maneno machache, macho kwenye beseni.

— Labda alifika penginepo, — Redio alisema.

— Labda, — alisema Dira.

— Mtoto wa homa huwa anapona, mimi wangu saba...

— Redio, — Mama Birika alisema taratibu. — Nyamaza, baba.

Walikuwa wamekaa hivyo alipotokea mwanamke kwenye kona, anatembea bila haraka, bahasha ya kaki mkononi na mtoto wa kike kiunoni. Dira aliijua kanga kabla hajamjua mtu. Aliinuka, akakosa la kufanya na mikono, akaifuta kwenye suruali, akaifuta tena. Mtoto alikuwa anamtazama. Kichwa kilikuwa kimekaa juu ya shingo, wima, na kinywani ana kidole.

— Shikamooni, — alisema mwanamke. — Naulizia zahanati mpya. Iko wapi?

Hakimu alifungua mdomo, na kidole chake kilikwisha inuka mpaka kifuani. Akakishika kwa mkono mwingine akakirudisha. Redio aliuma uzi. Mama Birika alitazama mkaa.

— Mama, — Dira alisema. — Huyu ndiye yule wa siku ile?

Mwanamke akamkazia macho.

— Wewe! Wewe ndiye uliyenielekeza kwa mbuzi!

— Mimi.

— Nililia pale mpaka mbuzi akalia na mimi! Nimezunguka kile kiwanja mara mbili natafuta paa jekundu. Mwishowe mama mmoja aliyekuwa anaanika nguo kwenye nyumba ya jirani ndiye aliyeniita. Alimlowesha mtoto kwa maji, mwanawe akatukimbiza kwa mkokoteni wa kuchotea maji mpaka hospitali kubwa. Malaria. Tumelazwa siku nne.

— Na sasa?

— Na sasa anakula mpaka sahani. Si unamwona?

Dira alimwona. Alimwona vizuri, ingawa maji yalikuwa yamemjaa machoni na mtoto alionekana wawili, na wote wawili walikuwa wazima.

— Wameniandikia nimlete zahanati ya huku apimwe damu tena, — mwanamke aliendelea, akipunga bahasha. — Na nimeambiwa kama watu walivyoniambia mara ya kwanza: iko hapo kwa fundi baiskeli. Ndiyo maana siku ile nilikuja kwako. Sasa nauliza tena, na safari hii sema kweli. Iko wapi?

Miaka yote ya benchi lile ilimkalia Dira begani. Aliwatazama wenzake. Wao wakatazama chini.

— Mama, sijui, — alisema. — Na siku ile sikujua. Nisamehe.

Mwanamke alimhamisha mtoto kutoka kiuno hiki kwenda kile.

— Ungesema tu hivyo, baba, — alisema, na sauti haikuwa kali tena. — Ningemuuliza mwingine.

Wakanyamaza. Cherehani imesimama, mashine ya kunyolea imezimwa, nyundo ya Dira iko chini. Hata mteja wa Hakimu, nusu ya kichwa imenyolewa nusu bado, alitulia. Nadhani tangu benchi lile liwekwe pale, ulikuwa ukimya wake wa kwanza wa mchana. Na katika ukimya ule wakasikia mtoto analia. Si huyu wa kiunoni. Mwingine, karibu, halafu sauti ya mwanamke ikimbembeleza, halafu nyingine ikisema, "Anayefuata!"

Wote wakageuza shingo, polepole, kuutazama ukuta walioupa mgongo.

Ukuta ukagongwa. Go, go, go. Na sauti ikapaa juu yake, sauti ya mtu aliyekwisha kata tamaa ya kusikika:

— Ni hapa! Jamani, ni hapa! Zungukeni nyuma!

Redio alikalia sindano na hakuhisi.

— Si sabuni, — alisema Hakimu kwa sauti ndogo.

— Wala si rangi, — Redio akamjibu.

Walikwenda wote. Dira alimkalisha mtoto kwenye tandiko la baiskeli, akamshikilia kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine, mama yake ubavuni, nyuma yao Mama Birika na birika lake maana hakutaka kuliacha, kisha Redio, Hakimu, binti na uzi wake, na yule mteja mwenye kichwa cha nusu. Mtoto aligundua kengele. Aliipiga kila hatua. Kona ya kwanza kulia, ya pili kulia, na hapo palikuwa na lango la chuma, jengo jeupe, na watu wamekaa kivulini.

Muuguzi alikuja mlangoni, ufagio bado uko mkononi.

— Mmetoka wapi?

— Nyuma ya ukuta, — alisema Dira.

— Ninyi ndio ninyi! — Akawageukia wagonjwa: — Jamani, ndio hawa! — Na foleni nzima ikaangua kicheko, wengine wakainuka kuwatazama, kwa maana tangu zahanati ifunguliwe walikuwa wanawasikia kila siku, mto ulioibwa, sabuni, rangi, yote, na kuna bibi mmoja aliyekwisha pona lakini alikuwa anarudi kusikiliza. — Yupi Dira? Baba, tulikusikia unampeleka mgonjwa wetu kwenye tangi la maji! Kila siku tunagonga ukuta kwa ufagio ili mnyamaze, mpaka mpini unapasuka. Siku ya huyu mama nilitoka mbio mwenyewe, nikazunguka, nikamkosa, na ninyi hamkunisikia kwa kelele zenu.

Dira alicheka, na kicheko kikatoka na machozi ya wiki tatu zote kwa pamoja. Alikaa chini pale langoni. Mtoto alipimwa, hakulia sana. Damu ilikuwa safi. Mama yake alipotoka alimkuta Dira bado ameshika baiskeli, akampa mtoto amshike, na yeye mwenyewe akaketi kwa Mama Birika, akaomba kahawa.

Miaka imepita juu ya hayo. Maonyesho yalipokwisha, binti wa Redio aliuvunja mji na kila mtu akarithi alichokielekeza. Hakimu alipata stendi, akaiweka mbele ya kioo, ikawa ya kuwekea vitana. Redio alipata daraja, na mpaka anafumba macho alilalamika kwamba hana mto wa kuliwekea. Soko la Vioo alilichukua Mama Birika. Sasa liko kwa mjukuu wake, pamoja na birika. Zahanati ya kijani ilikaa nyumbani kwa Dira na taa yake ikawaka kila jioni, na alipofariki mkewe alimpelekea yule mtoto wa kengele, ambaye siku hizi ana miguu mirefu kuliko mama yake. Kengele alikuwa amekwisha ipata siku nyingi. Pampu na turubai vilikwenda kwa mpwa.

Na ukuta ukatobolewa mlango. Benchi lilisogezwa hatua mbili kuupisha, likarithiwa na wagonjwa, wanakaa hapo wakisubiri kuitwa. Ukipita leo na ukauliza njia, yule mjukuu wa Mama Birika anakuangalia kwanza. Kama anapajua anakupeleka mpaka kona. Kama hapajui anasema, "Sijui, ndugu yangu. Kaa kidogo. Ngoja tunyamaze tusikie."